KICHEKO SI UJINGA: CHARLIE VITANI NA WATAZAMAJI WA NAIROBI

Methali yasema: Macho hayana pazia. Maana yake ni kwamba jicho huliona lililo mbele yake, wala hakuna awezaye kulikataza. Methali hii yafaa kukumbukwa na kila mtu atakaye kuzungumza habari za watu na sinema, kwa kuwa katika nchi hizi za Afrika Mashariki yamesemwa mengi juu ya macho ya watazamaji, na mengi katika hayo yalikuwa makosa. Walioonyesha picha walisikia watu wakicheka, wakadhani wamecheka kwa kutoelewa. Huenda ni wao wenyewe hawakuelewa kicheko.

Picha iliyochaguliwa hapa kuwa mfano ni ya kale sana. Jina lake kwa Kiingereza ni Shoulder Arms, yaani ile amri apewayo askari ya kuweka bunduki begani. Ilitengenezwa Marekani na Charlie Chaplin, mchekeshaji aliyezaliwa London mwaka 1889, ikaanza kuonyeshwa tarehe 20 Oktoba 1918, wiki tatu tu kabla ya bunduki kunyamaza Ulaya katika Vita Kuu ya Kwanza. Ni picha isiyo na sauti, nayo haifiki saa moja. Mwaka 1959 Chaplin mwenyewe aliitia muziki na kuitoa tena pamoja na picha zake nyingine mbili, na hivyo ikapata watazamaji ambao baba zao walikuwa bado watoto ilipotoka mara ya kwanza.

CHARLIE AINGIA JESHINI

Charlie ni kurutu. Miguu yake imezoea kutembea vidole vikitazama nje, mmoja mashariki na mwingine magharibi, basi kila amri ya kwata humshinda. Sajini amgombeza, yeye ajitahidi, na kadiri anavyojitahidi ndivyo anavyozidi kuharibu. Akiisha kuchoka ajitupa kitandani ndani ya hema, na mara aonekana yuko Ufaransa ndani ya handaki.

Hapo ndipo vituko vinapoanza. Juu ya mzigo wote wa askari ameongeza mtego wa panya na kikwaruzo cha bati. Kikwaruzo akitundika ukutani, wala si cha jikoni. Ni cha kujikunia mgongo, kwa sababu ya chawa. Mvua yanyesha hata chumba cha kulala chini ya ardhi chafurika. Kitanda kimezama, Charlie autoa mto majini, aupigapiga ili uwe laini, aurudisha majini, kisha ajilaza na kutafuta pumzi kwa pembe ya santuri. Akitaka kufungua chupa, aiinua juu ya ukingo wa handaki, na risasi ya adui yavunja shingo yake.

Siku ya barua yafika. Kila mtu aitwa jina lake, na Charlie haitwi. Basi asimama nyuma ya mwenzake na kuisoma barua ya mtu juu ya bega lake. Mwenye barua akitabasamu, naye atabasamu. Mwenye barua akihuzunika, naye ahuzunika, kana kwamba habari zile zimetoka kwao. Baadaye apata kifurushi, na ndani yake mna jibini iliyovunda kwa harufu. Avaa kinyago cha gesi, aichukua kwa tahadhari, na kuivurumisha hata ikaangukia handaki la Wajerumani.

Yaliyosalia huenda mbio. Charlie akamata askari 13 peke yake, na mkubwa wake alipomwuliza amewezaje, ajibu kwamba amewazunguka. Afisa mfupi wa Kijerumani aleta kiburi. Charlie amlaza magotini na kumchapa makofi kama mtoto, na askari wa afisa yule yule wafurahi kuliko watu wote. Ajivika gogo la mti na kujificha miongoni mwa maadui, hata mmoja wao aja na shoka kutafuta kuni. Mwisho amteka Kaiza mwenyewe ndani ya gari lake. Watu washangilia, na katika kushangilia huko Charlie azinduka. Yumo kitandani, katika hema lile lile la makurutu. Yote yalikuwa ndoto.

WALIOCHEKA KWANZA

Chaplin alipokuwa akiitengeneza picha hii, rafiki zake walimwonya. Walisema wakati ule haukuwa wa kufanyia mzaha vita, maana watu walikuwa wakifa kwa maelfu kila juma. Tena yeye mwenyewe hakwenda vitani, na wako waliomlaumu na kumpelekea manyoya meupe, ambayo ni alama ya mwoga kwa desturi ya Waingereza. Kazi ilipokwisha aliingiwa na shaka hata akawa tayari kuitupa, mpaka mwigizaji mwenzake, Douglas Fairbanks, alipoitazama na kucheka bila kiasi.

Lakini walioipenda zaidi walikuwa askari. Jambo hili lingepaswa kuwashangaza wale walioonya, kwa sababu wao walihofia kwamba askari ndiye atakayeudhika. Ukilitazama vizuri si la ajabu. Matope yale yalikuwa kweli. Chawa walikuwa kweli. Kukosa barua kulikuwa kweli, na sajini mwenye kelele alikuwa kweli kuliko vyote. Askari hakucheka kwa kuwa vita vilikuwa vyepesi. Alicheka kwa kuwa mara ya kwanza ameona mtu akiyasema mambo madogo ya vita, ambayo magazeti na hotuba za wakubwa ziliyaacha.

MTAA MMOJA KATIKATI YA NAIROBI

Nairobi ina mtaa mmoja unaofaa sana kwa fikira hizi. Nao ni Barabara ya Kenyatta, ambayo zamani iliitwa Sixth Avenue na baadaye Delamere Avenue. Katika mtaa huo lilifunguliwa mwaka 1912 jumba la Theatre Royal, ambalo baadaye lilikuwa sinema ya Cameo. Katika mtaa huo huo zasimama sanamu tatu za shaba zilizowekwa mwaka 1928 kuwakumbuka waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza, na maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Mmoja wa watatu hao ni mpagazi.

Mpagazi yule hayumo katika picha ya Charlie. Ulaya mizigo ilichukuliwa kwa magari ya moshi, farasi na malori. Katika vita vya Afrika Mashariki, ambako mbung'o waliwaua wanyama na barabara hazikuwapo, mizigo ilichukuliwa kwa vichwa vya watu. Waafrika wapatao milioni moja walichukuliwa upagazi upande wa Waingereza, kutoka nchi mbalimbali, na makumi ya maelfu yao hawakurudi. Wengi wao hawakufa kwa risasi, bali kwa kuhara, homa ya mapafu, malaria na njaa. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps, liligeuka ndimini mwa watu likawa Kariokor, mtaa wa Nairobi, na Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi hizo zimeacha jina lake katika miji miwili.

Katika Vita Kuu ya Pili Kenya peke yake ilitoa watu wapatao 98,000. Wengine walipigana na Waitaliani Ethiopia. Wengine, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliteremka bonde la Kabaw huko Burma katika mvua za mwaka 1944, wakauvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba. Mtu aliyelala katika mvua ile hahitaji kuelezwa ni kwa nini Charlie aupigapiga mto wake ndani ya maji. Mtu aliyengoja barua kutoka Kiambu au Kisii, na siku ya barua jina lake lisiitwe, ajua kwamba asomaye barua ya mwenzake juu ya bega si mchekeshaji tu.

Ndiyo maana yafaa kutofautisha vicheko. Kuna kicheko cha mtu aliyeona jambo geni, na kuna kicheko cha mtu aliyeona jambo analolijua mno. Kwa nje vyafanana, na mtu aliyesimama mbali hawezi kuvipambanua.

GARI LA SINEMA LAFIKA DAGORETTI

Kwa miaka mingi Mwafrika hakukaribishwa katika majumba makubwa ya sinema ya katikati ya mji. Kama hakuzuiwa kwa rangi, alizuiwa kwa bei. Tangu mwaka 1912 palikuwapo pia sheria ya kukagua michezo na picha, na picha iliyoruhusiwa kwa Mzungu yaweza kukatazwa kwa Mwafrika. Wakaguzi waliogopa hasa picha ambazo ndani yake Mzungu aonekana mwizi, mlevi au mtu wa kudharauliwa.

Wakaao upande wa magharibi, Kangemi, Kawangware, Riruta, Waithaka na Dagoretti, sehemu ambazo wakati wa ukoloni zilikuwa katika Wilaya ya Kiambu, sinema waliijua zaidi ilipowajia. Gari la serikali lilifika uwanjani, pazia jeupe likasimamishwa, mashine ya umeme ikanguruma, na giza lilipoingia watu walikuwa wamekwisha kaa, watoto mbele na wazee nyuma. Kwanza zilikuja picha za mafunzo: kuchimba choo, kuzuia mmomonyoko wa udongo, kutunza ng'ombe. Kisha, ili watu wasiondoke, alikuja Charlie.

Waliopanga kazi hii walikuwa na itikadi yao. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ilianzisha idara ya picha kwa ajili ya makoloni, chini ya William Sellers, aliyepata kuonyesha picha za afya Nigeria. Sellers alifundisha kwamba picha za Waafrika ziende polepole, kila jambo lionyeshwe kwa muda mrefu, pasiwe na hila za kamera wala kurukaruka kutoka mahali hata mahali, kwani mtazamaji hangeweza kufuata. Idara hiyo ilidumu mpaka mwaka 1955, na picha nyingi zilitengenezwa kwa kanuni hizo.

Sasa msomaji na alinganishe mambo mawili. Kanuni yasema Mwafrika hawezi kufuata picha ya haraka yenye hila. Picha aliyoipenda kuliko zote katika gari lile lile ni ya Charlie, ambayo ni ya haraka kuliko zote, yenye hila kuliko zote. Tena haraka yake iliongezeka bila mtu kukusudia: picha za zamani zilipigwa kwa kamera ya kuzungushwa kwa mkono, picha kama 16 au 18 kwa kila sekunde, na mashine za baadaye ziliziendesha 24, hata watu wakaonekana wakikimbia badala ya kutembea. Hata hivyo watazamaji hawakupotea. Mtu aliyejigeuza gogo alijulikana kuwa ni mtu.

Wala ushahidi haukukosekana. Mwaka 1929 mtaalamu wa elimu ya viumbe, Julian Huxley, alizungusha picha katika shule za Afrika Mashariki ili apime kama wanafunzi wataelewa, akaona wameelewa na kufurahi. Miaka ya 1935 hadi 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Major Notcutt na wenzake walitengeneza picha zipatazo 35 wakizitumia lugha za Kiafrika na waigizaji wa Kiafrika, wakazizungusha kwa lori katika nchi kadhaa. Hata hivyo dhana ya kwamba watu hawawezi ilidumu, kwa sababu dhana hiyo ilikuwa rahisi: ilimwondolea mwenye kuonyesha taabu ya kuuliza.

KISA CHA KUKU

Kiko kisa kimoja mashuhuri kilichosimuliwa na John Wilson, Mwingereza aliyeshughulika na mafunzo kwa njia ya picha, kikaenea duniani miaka ya 1960. Watu wapatao 30 wa kijiji kimoja cha Afrika walionyeshwa picha fupi ya kuondoa maji yaliyosimama na makopo yaliyotupwa. Ilipokwisha waliulizwa wameona nini. Wakajibu: tumeona kuku.

Wenye picha walishangaa, maana wao hawakujua kama mna kuku. Waliirudia picha moja moja, na tazama, kuku alikuwamo. Alipita pembeni chini kwa muda wa kama sekunde moja. Kwa miaka mingi kisa hiki kilisimuliwa ili kuonyesha kwamba watu wasiozoea sinema hawajui kutazama. Lakini mkulima akisoma habari hii ataamua vingine. Watu wale waliona kitu kilichokuwamo, ambacho waliotengeneza picha hawakukiona. Kuku ni mali. Kuku akiruka kwa hofu, lazima pana sababu. Macho yao yalikuwa mazima. Lililokosekana ni mtu wa kuwauliza kwa nini kuku yule ndiye aliyewapendeza.

Kicheko ni kama kuku yule. Watu wakicheka mahali ambapo mwenye picha hakutazamia, si kwamba wamekosea. Yafaa aulize wameona nini. Katika Shoulder Arms, afisa anapochapwa na askari wake wakafurahi, watu waliotawaliwa walikuwa na sababu zao za kucheka, nazo hazikuandikwa katika taarifa ya gari la sinema.

CHALE NA MFASIRI

Lugha yenyewe imeweka ushahidi. Katika Kiswahili limo neno chale, maana yake mchekeshaji, mtu wa vituko, na wengi walihusisha na jina la Charlie. Watu hawalipi neno makao katika lugha yao kwa ajili ya jambo wasilolielewa.

Tena Charlie hakufika peke yake. Kando ya pazia alisimama mfasiri na kipaza sauti, akieleza kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali pale. Huyo ndiye aliyekuwa bwana wa onyesho. Picha isiyo na sauti ilimwachia nafasi yote. Aliweza kumfanya sajini wa Charlie awe karani mkali au mnyapara wa shamba, na watu wakajua ni nani asemwaye. Desturi hiyo si ya Afrika tu. Huko Japani wakati wa picha zisizo na sauti walikuwapo wasimulizi walioitwa benshi, na wengine walikuwa mashuhuri kuliko waigizaji.

Kazi hiyo haikufa. Majumba kadhaa ya zamani ya sinema ya Nairobi yamegeuzwa makanisa na maduka, lakini katika vibanda vya video vya Kawangware na Kangemi picha za mapigano za Marekani, China na India zimesimuliwa kwa sauti ya DJ Afro, kwa Kiswahili cha mtaani kilichojaa mizaha. Uganda wako wasimulizi wao, na Tanzania iliwahi kuwa na Lufufu, ambaye sauti yake ilijulikana nyumba kwa nyumba. Watu hawa wamerithi kipaza sauti cha gari la sinema, isipokuwa wao hawatumwi na mtu kufundisha namna ya kuchimba choo.

MPAKA WA KICHEKO

Pamoja na hayo, haifai kusema kwamba kila jambo la vita ni la kuchekwa. Chaplin mwenyewe alilitambua hilo. Mwaka 1940 alitoa picha nyingine ya vita, The Great Dictator, safari hii yenye maneno, akimdhihaki Hitler, ambaye alizaliwa siku nne tu baada yake. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1964 aliandika kwamba kama angaliyajua mateso ya kambi za Wajerumani, asingaliweza kuitengeneza picha ile.

Neno hilo lafaa kupimwa. Katika picha zote mbili, anayechekwa ni mwenye amri na kiburi chake: sajini, afisa, Kaiza, dikteta. Aliyekufa hachekwi. Mwenye njaa hachekwi kwa njaa yake. Huchekwa kwa hila anazozitumia kuishinda. Mpaka huo watazamaji huujua bila kufundishwa. Mjukuu wa mpagazi aweza kucheka Charlie akizama kitandani, kisha akapita Barabara ya Kenyatta asiwacheke wale watatu wa shaba.

Tena imetokea kwamba tarehe 20 Oktoba, siku Shoulder Arms ilipotoka, ndiyo ambayo Kenya huadhimisha Siku ya Mashujaa tangu Katiba ya mwaka 2010. Ni sadfa tu, lakini sadfa yenye mafunzo. Shujaa wa picha ile ni mtu mdogo asiyejua kugeuka kwa amri, ambaye ushujaa wake wote ulikuwa ndoto, na kesho yake alfajiri ataamshwa aende kwata. Wengi waliovaa sare za Keya walikuwa watu wa namna hiyo, tofauti ni kwamba wao hawakuzinduka hemani.

Walimu, viongozi wa vijana na wengine waonyeshao picha za kale katika kumbi za mitaa wangefanya vema wasizime mashine na kuwaaga watu papo hapo. Na waulize: Mmecheka wapi, na kwa nini? Wazee waanze. Katika nyumba nyingi za Riruta na Waithaka bado yako majina ya babu waliokwenda na Keya, na picha zao za sare zimetundikwa ukutani au zimewekwa sandukuni. Swali moja juu ya mto uliolowa maji laweza kuleta habari za Burma ambazo hazijapata kuandikwa, na mjukuu mwenye kalamu akiwa karibu, zitaandikwa.